Dirisha la Tiketi

Baba yangu alikuwa karani wa tiketi katika stesheni yetu ndogo, kati ya Vwawa na Tunduma, mpaka reli ilipohamishwa. Udongo wa bondeni ulikuwa unatitia, wakaisogeza ng'ambo ya kilima, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Huko hakuna jengo, ni kokoto na kibao chenye jina tu. Jengo la zamani likabaki na mabenchi yake, na baba akabaki nalo.

Abiria nao hawakuhama. Mvua ya huku haina utani, kwa hiyo wanangojea stesheni ya zamani na magunia yao, maharage ya Isansa, mchele wa Msangano. Treni ikipiga honi kwenye kona ya mbali, baba anagonga kipande cha reli kinachoning'inia mlangoni. Akigonga mara moja, malizia chai. Mara mbili, beba mzigo. Mara tatu, kimbia. Hakuna aliyemtuma.

Mimi nilijiona mjanja. Nilijenga kibanda kule kwenye reli mpya, hatua chache kutoka kwenye kokoto, niuze maji na biskuti. Baba alikitazama akasema, "Mwanangu, hapo ni karibu mno." Nikamjibu kwamba biashara inafuata treni, haifuati kumbukumbu za wazee. Nilikuwa na mdomo.

Mwaka huu wapimaji walikuja na kopo la rangi nyekundu. Kila mtu anajua maana ya X nyekundu ukutani: bomoa. Nilikuwa Tunduma nikinunua bidhaa, mama akanipigia.

"Wameshapiga X. Baba yako amekaa tu, haongei..."

Simu ikakatika. Mama na chaji, hawajawahi kupatana.

Nilipanda bodaboda. Njia nzima nilimwona baba amekaa kando ya kifusi. Amezeeka, na nilijua wakibomoa stesheni ile hatamaliza mwaka. Niliogopa vibaya sana, nikawa namgombeza dereva kwa kila shimo kana kwamba yeye ndiye aliyelichimba.

Nilipofika nilizunguka jengo mara mbili. Ukuta wa mbele hauna kitu. Wa nyuma hauna kitu. Baba alikuwa benchini, chai imepoa mkononi.

"Baba, X iko wapi?"

Akakuna kidevu. "Walipima kuanzia reli mpya. Wakasema hapa tuko mbali, jengo libaki." Akatazama viatu vyake. "Ila kibanda chako, mwanangu..."

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Mama alidhani nimechanganyikiwa. Kibanda! Mbao na bati! Hata wangekipiga X mbili.

"Pole," baba akasema. "Tangu asubuhi natafuta namna ya kukuambia."

Kesho yake tulihamisha bidhaa. Baba alifungua dirisha la tiketi, ambalo tangu reli ihame hata mama hakuruhusiwa kuligusa. Akapangusa vumbi kwa mkono wa koti, akaniwekea kiti chake ndani. Kisha akazunguka nje, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja wa Msangano. Zamu yake ilipofika, akainama dirishani.

"Pakiti moja ya biskuti," akasema. "Na ufanye haraka, karani, treni imeshapiga honi."

Nikampa. Akaondoka akitafuna, kwenda kugonga chuma chake.