Programu Iliyovishwa Kitenge

Chimène Zihindula hakuwa mtu wa kusemwa. Watu wa Kivu wanaoishi Louisville walimjua kama binti wa marehemu Mwalimu Zihindula, aliyekuwa mkuu wa shule huko Bukavu, na kama dada mkubwa wa Gloire. Alifika Kentucky akiwa msichana, akafungasha maboksi katika ghala moja la Jeffersontown, akasoma chuo cha jioni, na mwishowe akaajiriwa na kampuni iliyo katika eneo hilohilo la viwanda, inayotengeneza mashine za kuchapa lebo. Kazi yake ni kuandika yale yanayoonekana kwenye vioo vya mashine hizo: madirisha, vitufe, visanduku vya kuandikia. Mama yake, Adolphine, akiulizwa binti yake anafanya nini, hujibu kwamba ni mhandisi, kisha hunyamaza kidogo ili neno lile lipate mahali pa kukaa.

Makanisa matatu ya Wakongomani, la Louisville, la Columbus na la Buffalo, hutumia programu moja ya nyimbo na matangazo. Aliyeiandika ni Claris Nyamweya, Mkenya aliyekuja kusoma Ohio akabaki, na sasa anakaa Hilliard. Ilikuwa programu nzuri, lakini ya kijivu. Kijivu juu, kijivu chini, kama ofisi ya kodi. Na kwa kuwa kompyuta ya kanisa la Buffalo ilirusha kila kitu ukutani, waumini walikiona kile kijivu chote, vitufe na yote, tangu wimbo wa kwanza hadi baraka.

Chimène alijua la kufanya. Programu ya Claris ilijengwa juu ya zana zilezile anazozitumia kazini, na zana hizo zina mlango mdogo wa pembeni. Mtu anaweza kuandika programu-jalizi, yaani faili ndogo inayojitegemea, akaiweka katika folda ya mitindo. Programu kubwa inapofunguliwa huchungulia folda ile, hulikuta jina la mtindo, huuvaa. Claris hakuhitaji kubadilisha hata mstari mmoja wa kazi yake.

Basi Chimène alichukua mtindo uliokuwapo tayari, akarithi kila kitu chake, akabadilisha tu yale aliyotaka: uso wa kitufe, pambizo za dirisha, fremu ya ubao wa matangazo. Mahali pa ile rangi ya kijivu aliweka picha ya kitenge, au kikwembe kama wasemavyo kwao, cha kijani chenye maua meupe, alichokikuta katika sanduku la mama yake. Mara ya kwanza herufi zilipotea ndani ya maua, hazikusomeka. Akafifisha kitambaa chini ya herufi na kukiacha kikolee pembeni. Kitufe kilipobonyezwa, kitenge kiliingia kivuli kidogo, kama nguo iliyokunjwa. Aliporidhika akamtumia Claris, naye akapiga simu.

"Haifunguki, dada. Programu yangu hata haiioni."

"Haioni namna gani? Kwangu inafanya vizuri."

"Zana zako ni za version mpya, zangu za zamani. Hizo mbili haziongei kabisa. Shuka kwa yangu ndio ujenge tena."

Akashuka, akajenga tena, ikavaliwa. Claris alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Sasa hii ni nguo! Hii sio programu, hii ni mwanamke anaenda harusi."

Harusi yenyewe ilikuwa karibu kutajwa. Gloire alikuwa amempenda Flavia, binti wa Mama Béatrice wa Buffalo, na wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kuzungumza. Jumapili moja kanisa la Buffalo lingetangaza kwamba familia ya Zihindula inakuja kuposa. Chimène akaona hiyo ndiyo siku ya kufaa. Akamtumia faili Sylveri, mdogo wake Béatrice, anayeshughulikia kompyuta ya kanisa, akamwomba asimwambie mtu wala asiifungue kabla ya ibada. Hata mama yake hakumwonyesha. Alitaka mama asikie sifa kutoka Buffalo kwanza.

Simu ya Buffalo ilikuja Jumapili hiyohiyo mchana. Adolphine aliipokea jikoni. Alisikiliza muda mrefu akisema "ndiyo" na "pole" tu, kisha akaiweka simu mezani taratibu.

"Chimène. Uliweka nini kwa screen ya batu ya Buffalo?"

"Kikwembe, Maman. Banasema nini? Balipenda?"

"Kikwembe gani?"

"Ile ya kijani, ya maua meupe. Iko mu malle yako."

Adolphine akakaa kitini. "Ile ni ya matanga ya Ferdinandi."

Ferdinandi alikuwa kifungua mimba wa Béatrice, na alifariki akiwa kijana. Familia ilipoondoa matanga, wanawake wote wa ukoo walishona nguo za kitenge cha aina moja, kama ilivyo desturi, na Adolphine, aliyekwenda peke yake kwa kuwa Chimène alikuwa kazini, alipewa kipande kama dada wa nyumba ile. Kitenge cha namna hiyo hakivaliwi ovyo. Na sasa jina la Flavia lilikuwa limetokea ukutani, mbele ya kanisa zima, limezungushiwa nguo ya msiba wa kaka yake. Béatrice, aliyekuwa mstari wa pili, alisimama akatoka. Kuhusu posa, Sylveri alisema kwenye simu, dada yake hataki kusikia neno.

"Ninaweza kuitoa leo leo," Chimène alisema. "Nabadilisha picha tu, natuma ingine."

"Utatuma," mama yake alisema. "Utatuma kama mtu anatuma pizza. Sisi ni batu ya Zihindula. Tunaenda kwa miguu yetu."

Walikwenda kwa gari la Chimène, Ijumaa baada ya kazi. Gloire alitaka kufuatana nao, mama akamkataza: mposaji haendi kuomba radhi, akikataliwa atarudi na sura gani? Walilala Hilliard kwa Claris, na hapo, baada ya chakula, Chimène akafungua kompyuta na kubadilisha kitambaa. Safari hii alichagua mistari ya bluu na njano, nguo aliyoinunua mwenyewe dukani, isiyo ya msiba wala ya ukoo wowote. Ilimpendeza kuliko ile ya kwanza. Claris aliitazama, akamtazama na Adolphine aliyekuwa amesinzia kwenye kochi.

"Ameiona?"

"Ataiona kesho pamoja na wao."

"Sawa," Claris alisema, kwa sauti ya mtu asiyeona kwamba ni sawa.

Béatrice anakaa ghorofa ya juu, karibu na Grant Street, juu ya duka la samaki wakavu. Aliwafungulia mwenyewe, akawasalimu kwa mkono mmoja, akawaonyesha viti. Sylveri alikuwapo, na kompyuta ya kanisa iko mezani. Hakuna aliyeleta maji. Adolphine aliliona hilo, akanyoosha mgongo zaidi.

"Mama Ferdinandi," alianza, "tumekuja ju ya makosa ya nyumba yangu."

"Nyumba yako haikuweka kitu ku ukuta. Mtoto aseme."

Chimène aliteremka kitini, akapiga magoti. "Maman, munisamehe. Niliona tu iko muzuri. Sikuuliza."

"Iko muzuri," Béatrice alisema. "Miye ndiye niliichagua. Nilizunguka maduka yote ya hii barabara. Nilikuwa nakaa mustari ya pili, naona jina ya Flavia, na kando-kando yake kikwembe ya kaka yake. Donc nijiambie nini? Banamuposa ama banamuzika?"

"Hapana, Maman! Haikuwa vile. Nimeitoa tayari, ona." Na kwa kuwa moyo ulikuwa unamwenda mbio, Chimène alifanya lile ambalo Claris alilihofia. Akafungua kompyuta yake, ile mistari ya bluu na njano ikawaka chumbani, kitufe kwa kitufe. "Hii haiko ya mutu. Niliinunua mwenyewe."

Sylveri alitazama sakafu. Béatrice hakutazama kioo.

"Sijamaliza na ya kwanza, unaniletea ya pili? Mutoto wangu ni nguo ya kubadilisha?"

Adolphine alimgusa binti yake begani, bila kumtazama. Chimène alielewa. Akaifunga kompyuta yake. Alikuwa ameufanyia kazi mtindo ule miezi na miezi, kila jioni baada ya mashine za lebo. Alijua kila kona ya kila kitufe. Akaivuta kompyuta ya kanisa, akafungua folda ya mitindo, akaonyesha kwa kidole.

"Maman, ni hii. Nikiitoa, programu itarudi vile ilikuwa. Sitaweka ingine."

"Toa."

Aliifuta. Akaifungua programu. Dirisha likatokea la kijivu, kijivu juu, kijivu chini, na ubao wa matangazo katikati ukiwa mtupu.

Béatrice aliinama, akavaa miwani, akaangalia kwa makini kama mtu anayekagua mboga sokoni. "Hii rangi ni ya nani?"

"Si ya mutu, Maman. Programu inakuyaka nayo, inazaliwa nayo."

"Inakuyaka nayo." Alivua miwani. Akapangusa vioo kwa ncha ya kitambaa chake. "Bon. Simama, Chimène, magoti itauma. Sylveri, ita Flavia alete maji, na mboga ya sombe iko ku moto. Mambo ya mukwe haiongewe na njaa."

Adolphine alikunywa maji yale yote, mpaka chini ya glasi. Walizungumza posa mpaka alasiri: nani atakuja, nani atasema, mbuzi atachinjwa wapi maana katika ghorofa haiwezekani. Wanawake wawili walibishana juu ya tarehe kwa furaha kubwa, na Flavia, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaenda kumpigia Gloire.

Siku ya kurudi, gari lilipokwisha kutoka Buffalo, Adolphine alimgeukia binti yake.

"Huko Louisville tutasema ulitengeneza kazi ya kuonyesha, wakaiona, ukairudisha."

"Maman, niliifuta. Mbele yao."

"Nimeona. Nimesema uongo gani? Walikuambia uitoe, ukaitoa, mama yake Ferdinandi akakupa chakula. Sema hivyo, na usiongeze."

Chimène akasema sawa. Mama yake akashusha kiti nyuma kidogo, akafumba macho.

"Na ile ya mistari," alisema bila kuyafumbua, "rangi ya njano ilikuwa nyingi."