Kipande Kilichoshika Ulimi

Nililamba mavi ya mbwa. Nimeona nianze na hilo, maana nikitanguliza sababu utanihurumia, na sistahili.

Nilikuwa na mimba, miezi ya mwisho mwisho, na nilikuwa mlaji wa odowa: vile vipande vya udongo mkavu, vyeupe vya kukaribia kijivu, vinavyouzwa sokoni kando ya dagaa wa omena, na wajawazito huvitafuna kama biskuti. Mimi nilivinunua soko la Misikhu kila nikitoka kumwona mama Bungoma, na sikununua kipande bila kukipima. Mwalimu wetu wa jiografia, kidato cha pili, alitufundisha kuwa jiwe halidanganyi. Litazame rangi, lipime uzito kiganjani, likwaruze kwa ukucha, likikataa jaribu sarafu, kisha kisu. Liburure kwenye kigae uone linaacha mstari wa rangi gani. Na udongo mzuri mweupe, akasema, ukiugusa kwa ulimi hushika. Masomo mengine yote yalinitoka. Hilo la ulimi likabaki.

Sasa nesi wa kliniki ya hapa Kiminini akanipima damu, akatazama vidole vyangu vilivyojaa vumbi, akaguna. "Mama, wewe unakula shamba?" Damu ilikuwa chini. Niache mawe, nile mboga na maini, nimeze vidonge. Nikirudi na damu ile ile, hatanizalisha hapo. Atanituma hospitali kubwa Kitale nikalazwe, ningojee siku yangu huko.

Mimi ni mtu wa kukaa kwangu. Hata kwa mama mzazi nikilala usiku mmoja, nageukageuka nikiwaza mto wangu. Sembuse wodi ya watu nisiowajua, na kuoga kwa foleni! Nikaapa mbele ya mume wangu kwamba nimeacha. Yeye, anayenijua, alichukua mfuko wangu wa odowa akaumwaga nyuma ya nyumba, kwenye nyasi kando ya ua. "Sasa tutaona," akasema.

Niliweza, hadi siku jirani yangu alipomwagia maji uwanja wake ili afagie. Ile harufu ya vumbi lililolowa ilivuka ua ikanishika puani. Mate yakanijaa. Nikaenda nyuma ya nyumba, tumbo mbele, nikapiga magoti nyasini kama mtu aliyeangusha pete.

Vipande vyangu vilikuwa vimesagika vyote isipokuwa kimoja, kirefu kama kidole gumba. Hapo elimu ikaingia kazini. Rangi, nyeupe. Uzito, mwepesi. Ukucha ulikikwaruza bila taabu, unga ukatoka. Nikakiburura kwenye ngazi ya saruji, kikaacha mstari safi kama chaki. Nikajipongeza. Nikatoa ulimi.

Kikashika, bana. Nikakivuta, nusu ikabaki, ikaanza kulainika, na ndipo ladha ikaja: uchachu kwanza, halafu uvundo wa mfupa, wa kitu ambacho tumbo la mwingine lilishakimaliza. Ndani yake mlikuwa na unywele. Haukuwa wangu.

Jirani huyo mume wake ana bucha, na mbwa wao, anayepenya ua kuja kwetu, amelelewa kwa mifupa. Mbwa wa mifupa hunya cheupe, jua likikausha kinakuwa chokaa. Hilo mwalimu hakulifikia.

Jirani alichungulia juu ya ua, ufagio mkononi. "We mama! Si hiyo ni ya mbwa yangu?"

"Nilikuwa napima tu."

"Unapima nini, ati? Kama imeiva?"

Nilikuwa nishaanza kutapika. Nilitapika chai, nikatapika ugali, nafikiri na jiografia ilitoka. Nikasugua ulimi kwa chumvi, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, na bado ule unga niliuhisi kwenye ufizi. Tangu hapo kitu cheupe kikanichafua roho. Ugali wa unga wa duka sikuweza kuutazama. Wali, viazi, hata maziwa, yote niliyaona yana unywele. Odowa? Nikisikia mtu anaitaja nilikimbilia mlangoni. Nikabaki na vya rangi nzito: mboga za managu, maharagwe, ugali wa wimbi, na maini ambayo jirani aliniletea kutoka bucha, akianza kucheka kabla hajafika kwenye geti.

Niliporudi kliniki, nesi alipima, akapima tena. "Umefanya nini wewe?" Nikasema nimekula mboga. Akaandika kwamba nitajifungulia pale pale.

Nilimpitia jirani nimpe habari, nikijisifu kidogo jinsi nilivyofuata maagizo ya nesi. Alikuwa anachambua managu. Hata hakuinua kichwa.

"Maagizo gani? Nesi alikuambia hukusikia, bwana yako akakuambia hukusikia. Ni mavi ya mbwa yangu ndiyo ilikuambia ukasikia."