Wimbo Naupenda, Maji Nayaogopa

Leo kanisani nimeumbuliwa na wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote.

Ni ule wa wito, ambamo mtu anamwambia Mungu kwamba yuko tayari kutumwa. Tuliuimba siku ya kipaimara changu, na hadi leo tukifika kwenye kiitikio machozi hunilengalenga. Wanakwaya wenzangu wananijua, naimba mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Tulipomaliza tu, Padre akauliza nani atakwenda kijiji cha Ikombe kila Jumamosi kufundisha watoto katekisimu.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nikainama, nikajifanya natafuta ukurasa.

Ikombe unafika kwa mtumbwi, jamani, na maji nayaogopa tangu utotoni.

Tulipotoka nje, bibi mmoja mfinyanzi wa hukohuko Ikombe akanishika mkono. "Mama Tumaini, mbona uliinama?"

Nikamwambia ukweli.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Na leo nimevuka kuja kusali."

Nikarudi ndani, nikamwambia Padre nitakwenda.

Tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama, natazama ziwa.

Mliozoea mtumbwi, niambieni: mtu akae wapi asiyaone maji?