Mwenzangu Anaamini Alimuua Mamake, Nami Ndiye Niliyemwaminisha

Bwana mwenye ukurasa, nichapishie haya lakini jina langu lifiche. Lamu ni ndogo, na hapa Langoni mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake.

Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili. Mimi ni rubani wa stima ndogo ya abiria, Lamu kwenda Pate. Tulikuwa wawili kazini. Mimi nilishika usukani, na mwenzangu, nitakayemwita Shee, alisimama mbele kabisa akipima maji kwa kamba na kunipigia ukelele. Akitaja kina kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, mimi hukirudia kwa sauti, ajue nimesikia.

Asubuhi ile maji yalikuwa yakitoka. Mamake Shee alikuwamo, akienda arusini Mbwajumali. Nami nilikuwa nimewageukia abiria, nawachekesha kwa habari za Shee, vile alivyoposa mara mbili akarudishwa. Walicheka, nikanogewa.

"Pima mbili!" Shee akapiga ukelele.

"Haya!" nikamjibu bila kugeuka.

"Pima moja! Geuza!"

"Haya, haya," nikasema, nikamalizia hadithi yangu.

Stima ikapanda mwamba, ikalala ubavu. Watu wa Mbwajumali walikuja na mashua wakatuokoa. Mamake Shee alipatikana alasiri, amekwisha kufa.

Siku ya tatu mwenye stima akatuita, akauliza nani kakosa. Shee hajafumbua kinywa, nikasema, "Alitaja pima nne, nami nikairudia nne." Abiria walikuwa wakicheka, hakuna aliyesikia hesabu yoyote.

Shee akanitazama. "Mimi nilisema nne? Mimi ndiye niliyeipoteza stima ndia?"

"Ndiwe, ndugu yangu. Ulikuwa ukimtazama mama."

Akainamisha kichwa. Mimi nilibaki na usukani wangu. Yeye alifukuzwa, na sasa abeba mawe kwa wajenzi huko Wiyoni. Nduguze hawamwitikii salamu. Kwa mwaka mzima alikuwa akinijia baada ya sala ya Ijumaa, akiniuliza, "Bwana, nambia tena, nilisemaje?" Nami nikimwambia, "Nne." Siku moja alisema yeye akumbuka mbili. Nikamfokea, "Wataka kunitwika mimi maiti ya mamako?" Alilia, akaniomba radhi. Wallahi, nilimpa radhi, na usiku ule nikalala usingizi mzuri.

Juma lililopita alikuja uso umemtulia. "Sasa nakumbuka mwenyewe," akasema. "Nilisema nne. Nakusikia hata wewe ukiirudia." Ijumaa hii atasimama msikitini mbele ya nduguze, akiri na kuwaomba wamsamehe, na ataka mimi nisimame kando yake niwe shahidi. Mke wangu hajui lolote. Amenifulia kanzu, asema nina moyo mwema.

Nikisema kweli, nitampoteza mke, kazi na heshima yangu. Nikinyamaza, nitashuhudia uwongo ndani ya nyumba ya Mungu. Enyi wasomaji, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni upesi. Leo ni Jumatano.