Kidonda cha Mama

Jirani yangu hapa Tassia akichemsha mwarobaini, ploti nzima inajua. Harufu hupanda ngazi ikakukaa kooni hata kabla hujajua imetoka mlango upi. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi hufungua, kwa sababu harufu ile hunirudisha chumbani kwetu Makongeni, na kwa mama.

Susu, nyanya yetu, alikuwa akitutumia majani kutoka Kibwezi ndani ya mfuko wa unga. Ukiwa na homa, uliyanywa. Ukiwa na upele, uliyaoga. Ukichubuka goti, mama alikupaka maji yake, kisha akapuliza polepole, “Pole, pole, kesho itapona.” Mimi niliwahi kumpelekea goti zima kabisa, nipulizwe tu.

Mwaka mmoja mama alipata kazi ya kushona kiwandani, aanze Jumatatu. Kizuizi kilikuwa Mutua, mdogo wangu. Alikuwa ameshajua kutembea na kusema, lakini uji aliutema na maziwa ya pakiti akayamwaga. Alitaka titi tu. Asipoliacha, mama hangeenda, na kazi ile haingemngoja.

“We paka tu mwarobaini, Mama Nduku,” mama akaambiwa na Mama Wanjiru wa mlango wa pili, aliyekubali kukaa na mtoto. “Akionja mara moja, atahama mwenyewe!”

Mama akapaka. Mutua akaja mbio, akapanda mapajani, akanyonya. Uso ukamkunjika wote, nami nikacheka. Lakini hakulia. Aliinusa ile dawa, akaitazama, akamtazama mama.

“Mama kidonda?”

Mutua akainama, akapuliza polepole. “Pole, mama. Kesho tapona.”

Akashuka, akaenda kwenye kikombe cha uji. Mama alijifunika leso usoni akalia, nami sikuelewa, maana si dawa ilikuwa imefanya kazi?

Tangu hapo kila jioni mama akirudi kazini, Mutua alimpokea mlangoni: “Imepona?”

“Bado, baba. Bado kidogo.”

Jioni moja mama aliporudi, Mutua alikuwa akicheza na vifuniko vya soda, akasema tu “Mama!” na kuendelea. Mama aliketi kitandani na koti lake la kazi, akimtazama. Nikamletea maji, nikidhani amechoka.

Juzi nimemwachisha ziwa binti yangu. Sasa najua mama alikuwa akingoja kuulizwa.