Nilifuta shairi la Bibi Zena, mwenyekiti akanijia juu

Wakuu, habari za wikiendi. Wakubwa zangu shikamooni, kama bado mpo, maana na mimi nimeshazeeka.

Hii siyo chai. Yalinikuta mwenyewe.

Enzi za vijiji vya ujamaa nilipangiwa kufundisha elimu ya watu wazima, milimani juu ya Mkuyuni. Binti mbichi kutoka Bukoba, najiona najua kila kitu.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa Bibi Zena, mjane, kibogoyo, mdomo haulali. Alipojua tu kuandika, akaanza kutunga vishairi vya kuchekesha. Nilimpenda yule bibi jamani.

Siku moja nimeingia darasani, nakuta ubaoni:

Mwenyekiti jembe lake
Limelala kivulini,
Lamngoja bwana wake,
Naye yumo ugalini.

Darasa zima hoi kwa kicheko.

Mwenyekiti wa kijiji! Nikaona darasa linafungwa na Bibi Zena anaitwa mbele ya kamati. Nikakamata dasta, nikafuta fasta. (Ujuaji huo.)

Jioni mwenyekiti huyu hapa mlangoni, kanuna.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba umsamehe bibi, ni utu uzima."

"Nani kakwambia kuna mtu wa kusamehewa? Zena mtani wangu! Ukoo wao na wetu tunataniana tangu mababu. Wewe umefuta kabla sijajibu. Sasa kijiji kizima kinasema nimekimbilia kwa mwalimu!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kwao mtani hasamehewi, anajibiwa. Nikampa chaki, nikamwambia ajibu pale pale.

Hakuipokea.

Akachungulia nje, akashusha sauti. "Mwalimu, mimi hiyo kitu sijui kuishika. Nilipohadithiwa hilo shairi nilicheka tu na wenzangu."

Wakuu, yule mzee alikuwa anatuhimiza kila mkutano tusome, na barua zake alikuwa anasomewa na katibu. Nilimwonea huruma.

Nikamwambia aje kesho, akae mbele. Akaja, mbele za watu wote, na daftari jipya. Bibi Zena akampokea kwa vigelegele vya kejeli.

Ilichukua miezi. Aliandika akifuta, akifuta akiandika, jasho linamtoka kuliko shambani. Mpaka siku akasimama mwenyewe ubaoni, herufi kubwa kama maboga:

Bibi Zena huna meno,
Yote yamejihamia,
Yamekimbia maneno,
Hayataki kurudia.

Bibi Zena alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafuta machozi kwa upindo wa khanga, akaniambia:

"Mwanangu, huyu kanijibu kwa mdomo tangu tuko wadogo. Leo kanijibu kwa mkono. Huu usiufute."

Sikuufuta. Wiki nzima nilifundishia kwenye kona iliyobaki ya ubao.

Nilichojifunza: ukifika ugenini, uliza kwanza kicheko cha watu kina maana gani kabla hujakimbilia dasta.

Haya, wenye watani humu, tupieni mistari minne hapo chini. Na mtakaotaniwa, jibuni. Msije kwangu kushtaki.