Nyumba ya Kifungua Mimba

Kijijini Olimpo, juu milimani kisiwani Karpatho, nyumba ya mama hurithiwa na binti wa kwanza. Wadogo zake huambulia baraka. Rigopula alizaliwa kifungua mimba, basi tangu utotoni watu wakamwita mwenye bahati.

Bahati gani hiyo? Tangu aolewe ameketi mbele ya mlango wa nyumba hiyo, kitambaa cha maua kichwani na buti za ngozi miguuni, akiuza asali, sabuni za mafuta ya zeituni na mitandio. Watalii wanapanda kutoka bandarini, wanampiga picha, wanamwuliza njia ya kwenda ufukweni. Anawaelekeza mpaka jiwe la mwisho, na yeye mwenyewe hajui mara ya mwisho kulowesha miguu baharini ilikuwa lini. Mume alikufa, na mama yake, Arhondula, hatoki tena chumbani. Rigopula alitaka kitu kimoja tu: kwenda kuishi mjini Pirea kwa mwanawe, avae gauni, asiwe wa kutazamwa.

Sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa Agosti, mdogo wake Marina alikuja kutoka huko Pirea. Miaka yote alilalama kwamba dada kala peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Safari hii akaketi kizingitini, akachovya kidole kwenye asali.

"Dada, mji umenichosha. Niachie nyumba. Nitamtunza mama, niuze hizi sabuni zako. Wewe nenda kwa mwanao."

"Utaziweza buti hizi kwenye joto hili?"

"Kama umeziweza wewe na miguu yako ya bata, mimi zitanishinda?"

Wakacheka. Rigopula moyo ulimruka kwa furaha. Akasubiri mama akatae, maana mama hakuwahi kukubali jambo. Sauti ikatoka ndani, "Fanyeni mtakavyo, wanangu. Mimi nimeshachoka."

Pingamizi likawa limekwisha. Marina akainuka, akakalia kigoda cha dada yake, akanyoosha mitandio kwa mkono wa mwenye mali. Jirani aliyekuwa akipita akamsalimu, "Karibu, mama mwenye nyumba." Rigopula akasikia wivu ukimchoma kifuani, wivu wa kitu alichokichukia maisha yake yote.

"Toka hapo," akasema. "Wewe ulizaliwa wa pili."

Marina akamtazama, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akachukua mkoba wake, akateremka bandarini bila kuaga.

Rigopula akaingia kwa mama yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia.

"Hata mimi mdogo wangu aliniomba nyumba hii," Arhondula akasema. "Nilimjibu hivyo hivyo. Umri wangu ulikuwa mdogo kuliko wako sasa."